Matairi Mapya ya Bwana Stesheni

Baba yangu, Jovinary Ishengoma, alikuwa karani katika stesheni ndogo ya Mwahanga, upande wa Misungwi, ambako treni nyingi zilipita bila kusimama. Asiyeijua kazi ya reli anaweza kudhani kwamba treni isiposimama karani hana la kufanya. Baba asingekubali. Kila treni iliyopita, ya abiria au ya mizigo, alivaa kofia yake, akatoka, akasimama ukingoni mwa jukwaa na kunyoosha mkono wenye bendera ya kijani. Aliushikilia hivyo hivyo bila kuutikisa, huku macho yakikagua behewa moja baada ya jingine: mlango ulioachwa wazi, mnyororo unaoburuta, gurudumu linalotoa moshi. Behewa la mwisho likishapita, gadi wa treni naye akaonyesha bendera yake, ndipo baba aliposhusha mkono.

Nilipokuwa na miaka minane niliipungia treni mkono mbele yake. Alinishika bega.

"Mtu wa reli hapungi mkono, Detta. Ukipunga, dereva atajua kuna hatari mbele, atashika breki. Unaonyesha kijani, unatulia."

Tulihamia Mwahanga nikiwa na miaka mitano. Mama yangu, Paskazia, aliletwa pale kutoka Kamachumu, kwenye migomba na mvua, akawekwa katikati ya mbuga ya udongo mweusi ambao kiangazi hupasuka hadi mguu wa mtoto ukazama ndani ya ufa, na masika huvimba kama unga uliokandwa. Alipanda migomba mara tatu. Mara tatu ilikauka. Alivumilia miaka sita, kisha mwaka 1986 akafunga mizigo, akanishika mkono, tukapanda meli Mwanza kurudi kwao. Hapakuwa na ugomvi ambao ningeweza kuusimulia. Baba alitusindikiza hadi bandarini, akarudi na treni ya jioni kwa sababu alikuwa na zamu.

Hakuna aliyemkataza kuja wala aliyenikataza kwenda. Kila mwisho wa mwezi aliandika barua, kwa mwandiko wake uliosimama wima, akiniuliza masomo na kunieleza treni ipi ilichelewa. Miaka saba ikapita namna hiyo.

Mengi ya ninayoyaandika hapa nilisimuliwa na Mhoja, fundi baiskeli wa Mwahanga. Kibanda hakuwa nacho. Alifanyia kazi chini ya upenu wa ghala la stesheni, hatua thelathini kutoka mlango wa baba, na kwa miaka mingi alikuwa mtu pekee aliyezungumza naye kila siku. Alikuwa Msukuma wa palepale, mfupi, mwenye vidole vyeusi kwa grisi, na alipenda kumtania baba kwa Uhaya wake. Alimwita Bwana Stesheni hata baada ya stesheni yenyewe kufungwa.

Ilifungwa katikati ya mwaka 1993, wakati watu walipokuwa wakipunguzwa kazini kila mahali. Kambi ya ganga, wale vibarua waliokuwa wakitengeneza njia ya reli, ilihamwa kwa wiki moja, na wiki iliyofuata mabati yake yakawa hayapo. Baba alikabidhi bendera mbili, taa moja, kofia na kitabu cha treni, akatia saini kwa kila kimoja. Aliambiwa anaweza kukaa kwenye nyumba hadi itakapohitajika. Haikuhitajika kamwe. Aliendelea kutoka nje treni zinapopita. Mhoja anasema alisimama pale pale, mkono umenyooka, ndani ya mkono hamna kitu. Madereva waliomjua walimpigia honi.

Mwezi wa Novemba mwaka huo nilimwandikia. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kuchaguliwa chuo cha ualimu kule Iringa. Nilimweleza kwamba meli yangu ingefika Mwanza Jumamosi asubuhi, na treni ingeondoka siku hiyo hiyo saa nane mchana, na kwamba waranti ya safari niliyopewa ilikuwa ya treni hiyo tu. Nikamalizia: Kama utapata nafasi, Baba, nitakuwa kwenye geti la bandari.

Barua ilimfikia Jumatano. Mhoja anasema aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, akaitia mfukoni, akaitoa tena. Saa sita kati ya meli na treni zilikuwa zimepatikana baada ya miaka saba, na alizigawa kabla hajaketi. Angeondoka alfajiri kwa baiskeli, kwa kijia kinachofuatana na reli hadi mjini, mwendo wa saa tatu. Tungekunywa chai. Kisha angefunga sanduku langu kwenye keria na kulisukuma hadi stesheni ya treni, mimi nikitembea kando yake.

"Kwa nini usikodi mkokoteni?" Mhoja alimwuliza.

"Sanduku la mwanangu libebwe na mtu wa mkokoteni, na mimi nina baiskeli?"

Baiskeli ilikuwa Foniksi nyeusi, nzima, yenye madigadi yote mawili na kengele inayolia. Ila matairi yake yalikuwa yamekwisha meno, laini kama kiganja. Kwa hiyo Alhamisi baba alikwenda gulioni Misungwi kununua mengine.

Nataka kueleza jambo hili la kununua tairi, kwa sababu walio wadogo kwangu hawalijui. Kabla ya miaka hiyo tairi haikuchaguliwa. Iliombwa. Baba aliwahi kungoja miezi minane kwa tairi moja, na barua ya kuthibitisha kwamba ni mfanyakazi wa reli, na ilipokuja alishukuru bila kuitazama. Sasa biashara ilikuwa imefunguliwa. Pale gulioni, karibu na marundo ya mitumba, mwuzaji alikuwa ametundika matairi ukuta mzima: ya India, ya China, membamba, mapana, yenye mstari mwekundu ubavuni, yenye mstari mweupe. Baba alikuwa na miaka hamsini na mbili na hajawahi kuulizwa anataka lipi. Nadhani alifanya kama wengi wetu tulivyofanya miaka ile. Hakuchagua alilolihitaji. Alichagua lile ambalo zamani asingepewa.

Yalikuwa mapana kuliko yote, yenye meno marefu kama ya trekta. Kwenye meza ya jirani akanunua sweta jipya la sufu, la kijani, kwa ajili ya baridi ya Iringa.

Mhoja alimwona akija nayo mabegani.

"Mwangaluka, Bwana Stesheni. Umeamua kulima?"

"Ni tairi za njia mbaya. Mwuzaji amenihakikishia zinashika tope."

"Hajakudanganya. Zitalishika hadi mwakani."

"Fundi, nimekuja unifungie, sikuja kuhubiriwa."

Mhoja aliligeuza tairi moja, akapitisha kidole gumba katikati ya meno yake. "Ninyi nshomile, ninyi Wahaya wasomi, mna shida moja. Mtu akikuambia neno kwa Kiswahili kizuri, unaamini hata tope litatii."

"Na ninyi mnaoongea na ng'ombe mngefanyaje?"

"Sisi tungevaa kipara." Alipiga teke dogo gurudumu la zamani. "Hiki hapa. Udongo wa mbuga ukilowa hauna kazi nyingine ila kutafuta mahali pa kushika. Kwenye kipara haupati, unateleza unaanguka. Kwenye meno haya utaingia, utakaa, utaita wenzake. Watajaa hadi kwenye uma, watapanda kwenye madigadi, gurudumu litasimama kama limepigwa misumari. Ungekuwa unaenda kwenye luseni, kwenye mchanga, ningekusifu. Njia ya reli hapa hadi Fela ni mbuga tupu."

"Naijua njia hiyo. Miaka kumi na tatu naipita."

"Uliipita wakati ganga wanaimwagia kokoto na majivu. Ganga wako wapi?"

Baba aliutazama uwanja wa kambi iliyohamwa.

"Basi fanya hivi," Mhoja alisema. "Niache kipara. Nitoe madigadi. Nikufungie kijiti kwenye uma kikwangue kinachoshika. Upepo nusu tu. Utafika umerukiwa na tope mgongoni, lakini utafika."

"Mvua bado."

"Mvua haikukuandikia barua."

"Mhoja," baba alisema, "siendi kumlaki mwanangu kwa matairi ya kipara, bila madigadi, tope mgongoni, kama mtu aliyefukuzwa kazi."

Mhoja aliniambia kwamba hapo ndipo aliponyamaza, kwa sababu hakujua aseme nini kwa mtu aliyefukuzwa kazi. Alifunga matairi mapya. Yaliingia kwa shida, na kati ya meno na madigadi palibaki nafasi ya kupitisha kidole kimoja. Yale ya zamani hakuyatupa. Aliyatundika kwenye msumari.

Usiku wa Ijumaa ikanyesha mvua ya kwanza ya msimu, nzito, isiyokatika hadi karibu na jogoo la kwanza. Mhoja aliamka, akaenda kwenye ghala, akachukua matairi ya kipara na spana, akaenda kugonga kwa baba. Mlango ulikuwa na kufuli. Alama za meno zilionekana wazi kwenye udongo, zikielekea kaskazini. Alizifuata, matairi yakiwa shingoni. Anasema mwanzo zilikuwa safi, kama mtu amechora. Baada ya hatua mia mbili zikawa pana, hazina umbo. Kisha akaanza kukuta vilima vidogo vya tope kando ya njia, kila baada ya hatua ishirini, mahali baba aliposimama na kukwangua kwa kijiti. Kwenye kalvati alama ilikuwa ya gurudumu moja tu. La nyuma lilikuwa limenyanyuliwa.

"Nikarudi," Mhoja aliniambia. "Nilikuwa na shamba la kupanda, mvua ndiyo hiyo. Nikasema, ataona mwenyewe, atageuka. Ningeendelea kidogo tu ningemkuta."

Hakugeuka. Spana hakuwa nayo, maana siku zote fundi alikuwa hatua thelathini kutoka kwake, na madigadi yakabaki yamefungwa, yamejaa. Alipoona kijia hakipitiki alipanda tutani, akajaribu kusukuma baiskeli katikati ya reli. Magurudumu hayakuzunguka, akawa anaiburuta juu ya mataruma, moja baada ya jingine. Kisha akaibeba begani. Sijui kwa nini hakuitupa. Nimefikiri sana juu ya hilo, na jibu langu ni kwamba alikuwa bado analifikiria sanduku.

Mimi wakati huo nilikuwa getini. Meli ilikuwa imefika mapema. Niliweka sanduku chini, nikalikalia, nikawa natazama wanaume wanaoingia. Kila mwenye mvi nilimpa nafasi ya kuwa baba yangu. Nilikuwa na picha yake moja, aliyopigwa mwaka niliozaliwa, na niligundua pale, nikiwa nimeketi, kwamba sijui sasa anafananaje. Mlinzi wa geti, mtu mzima, alinihurumia.

"Binti, unamngoja nani tangu asubuhi?"

"Shikamoo. Namngoja baba."

"Marahaba. Yukoje, nikusaidie kumwangalia?"

Nilifikiri. "Ana kofia ya reli," nikasema.

Mlinzi akatingisha kichwa, akanitafutia baba mwenye kofia ya reli hadi saa saba. Kofia ilikuwa imekabidhiwa tangu katikati ya mwaka, ila hilo baba hakuwa ameniandikia. Saa saba kijana wa mkokoteni akachukua sanduku langu.

Baba alifika Fela, stesheni iliyo njiani kwenda Mwanza, karibu na saa sita mchana. Hapo alikaa juu ya reli na kufanya hesabu ambayo hakuna mtu Mwahanga angeifanya kwa usahihi zaidi yake. Kilomita zilizobaki alizijua. Muda aliusoma kwenye jua. Akaona kwamba hata akikimbia, hata akiitupa baiskeli, hatanikuta. Kwa hiyo akaacha kunifuata, akaanza kutafuta mahali pa kusimama. Alirudi nyuma kidogo, hadi kwenye kona ambapo kila treni inayotoka Mwanza hupunguza mwendo. Akasimama upande wa ndani wa kona, ambao mtu aliye ndani ya behewa huuona kwa muda mrefu zaidi. Akangoja huko saa mbili na nusu.

Nilipata kiti dirishani, daraja la tatu. Mbele yangu aliketi mama mmoja mfanyabiashara mwenye magunia ya sangara waliokaushwa, mcheshi, aliyekwisha kuwafanya wote wa pale kuwa wajukuu zake kabla treni haijaondoka. Alinipa karanga. Nilikuwa nimekaa kimya tangu bandarini, na karanga zile karibu zinilize. Nilitaka sana kuwa miongoni mwa watu.

Tulipoipita Fela treni ikaanza kupunguza mwendo.

"Tazameni yule," mtu alisema.

Kando ya reli alisimama mwanamume aliyepakwa udongo mweusi kutoka miguuni hadi kifuani. Alivaa koti. Baiskeli ililala pembeni yake, na magurudumu yake yalikuwa yamegeuka mavimbe ya tope, kama mitungi miwili. Mkono wake mmoja ulinyooka mbele, umeshika kitu cha kijani kinachoning'inia.

"Masikini," alisema yule mama. "Mvua ya kwanza tu, na akili imemtoka."

"Huyo atakuwa amepunguzwa reli," akasema mwanamume aliyekaa nyuma yangu. "Mshahara umekwisha, yeye bado anapitisha treni."

"Mpeni basi posho, kazi anaifanya."

Behewa zima likacheka, na mimi nikacheka. Nilikuwa na miaka kumi na minane, nimetoa kichwa dirishani, na ninakumbuka upepo ukiingia kinywani. Dereva akapiga honi mara mbili. Mtu yule akapita polepole mbele yetu, akawa nyuma yetu, mkono wake bado umenyooka.

Ilikuwa jua linazama, treni imesimama stesheni nyingine huko mbele na watu wanauziana viazi madirishani, ndipo kitu kikaniingia. Yule mtu hakupunga. Mwehu angepunga. Mtu anayeomba msaada angepunga. Yule alishikilia kijani chake bila kuutikisa mkono, na kichwa chake kilikuwa kikienda kutoka behewa hadi behewa.

Sikumwambia yeyote. Mama wa sangara aliniuliza kama tumbo linaniuma.

Baada ya wiki tano nililetewa kifurushi chuoni. Ndani mlikuwa na sweta la sufu la kijani. Lilikuwa jipya, mshono wake haujavutwa hata kidogo, lakini shingo na mkono mmoja vilikuwa na doa jeusi ambalo mtu alijitahidi kulifua. Pamoja nalo barua: Nilichelewa kidogo kufika bandarini kwa sababu ya mvua. Iringa kuna baridi. Livae.

Nililivaa miaka miwili. Doa halikutoka, na wenzangu bwenini waliniuliza kwa nini nilinunua sweta lenye doa. Baba nilimwandikia kumshukuru. Nilimweleza kwamba linanitosha, kwamba chakula si kibaya, kwamba tunafundishwa saikolojia ya mtoto. Mara nyingi nilianza sentensi kuhusu ile kona nikaikata. Sikuweza kuandika kwamba nilimwona bila kueleza nilichokifanya nilipomwona. Yeye pia hakuuliza. Nilipangiwa kazi Songea, mama akaugua, likizo moja ikasubiri nyingine, na kila mwisho wa mwezi ule mwandiko wima ulinijia na habari za treni.

Alifariki Agosti 1999, malaria, siku tatu tu. Nilifika wiki moja baada ya kuzikwa.

Nyumba ilikuwa na kitanda cha chuma, kiti, jiko la mchina, na barua zangu zote zimefungwa kwa kipande cha mpira wa tyubu. Ukutani, juu ya kitanda, yalitundikwa matairi mawili mapana. Yalikuwa yameoshwa. Kwenye meno yake bado mlikuwa na vile vinywele vidogo vya mpira ambavyo tairi jipya huja navyo na hupotea baada ya mwendo wa siku mbili. Baiskeli iliegemea mlango wa nyuma. Ilivaa kipara mbele na nyuma, haina madigadi, na kwenye uma wake kulifungwa kijiti.

Nilikaa siku nne. Mchana niliketi kwenye boksi la Mhoja chini ya upenu, yeye akifanya kazi na kusimulia kidogo kidogo, jinsi mtu anavyofungua nati iliyoshika kutu. Alinieleza habari ya matairi, ya mvua, ya alama alizozifuata. Siku ya mwisho nikaona kwamba nitaondoka na lile neno langu, na kwamba hakuna tena mtu mwingine wa kuambiwa.

"Mzee Mhoja," nikasema, "siku ile nilimwona. Nilikuwa dirishani."

Hakuinua uso. Alikuwa akitafuta tundu la pancha, ameuzamisha mpira kwenye beseni la maji, anauzungusha.

"Alijua," akasema.

"Alijuaje?"

"Alikuona. Alirudi Jumapili mchana akiisukuma ile kitu, amechakaa, midomo imepasuka. Nikamwuliza, ulimkuta? Akasema, sikumkuta, lakini nimempitisha. Akasema, behewa la tano, dirisha la tatu. Amenitambua, Mhoja. Aliponiona alitoa kichwa nje akacheka."

Nilimwomba aseme tena.

"Akasema, alicheka. Ana meno ya mama yake." Mapovu yakatoka kwenye maji, Mhoja akaweka kidole juu ya tundu. "Kisha akaniambia, nirudishie kipara changu. Hayo mengine akayaosha mwenyewe, akayatundika. Mtu yeyote akileta baiskeli hapa alimwambia: Mwanangu yuko chuo Iringa. Tulikutana kwenye kona ya Fela, aliponiona akacheka. Miaka sita alisema hivyo. Wengine walikuwa wanamtania, wanamwuliza, Bwana Stesheni, mtoto alichekaje? Anawaonyesha."

Mhoja alinitazama sasa, kwa muda. Sijui aliona nini usoni mwangu. Alikuwa mtu wa kutazama alama na kujua mwenye nazo alifikia wapi.

"Ndiyo," nikasema. "Nilicheka."

Akakausha mpira kwa kitambaa, akaanza kuusugua kwa msasa. Aliniuliza kama nitayachukua matairi, nikamwambia ayauze, akasema huku hakuna wa kuyanunua, labda mtu wa mchangani.

Treni ya kwenda Tabora ilisikika mbali kabla ya kuonekana, kama zamani. Nilisimama, nikavuka uwanja wenye majani, nikapanda lile jukwaa lililokuwa limeanza kumeguka. Sikuwa na kitu mkononi. Niliunyoosha mkono nikautuliza, nikatazama behewa la kwanza, la pili, milango, magurudumu. Katika moja ya madirisha msichana alikuwa ametoa kichwa nje, anacheka. Sikujua anacheka nini. Aliponipita niligeuza kichwa kumfuata hadi kona iliyo mbele ya stesheni ikamchukua, na mkono wangu ukabaki pale hadi behewa la mwisho.